Ukuta Unaohesabu Pole

Mbwa alikuwa amekwisha kuondolewa walipofika, na sakafu ilikuwa inajiosha.

Bura, mtunzaji wa wanyama, alisimama nje ya kizimba ameshika bakuli la uji wa dagaa, mvuke ungali unapanda. Maji yalichuruzika kutoka kwenye kingo za ukuta, yakafuata mteremko wa sakafu mpaka mferejini, na nyuma yake ikaja hewa ya moto ya kukausha. Hapakubaki hata unyoya. Martina Gwandu, daktari wa kituo, alikuja anakimbia na glavu za upasuaji zikiwa bado mikononi, zina damu ya mbuzi.

"Nani amekubali?" aliuliza.

"Mimi najuaje, daktari? Nimekwenda kumpikia uji tu. Nimerudi mlango unaniambia mgonjwa wangu amepumzika. Amepumzika! Mbwa huyu si ndiye jana alinivua kandambili, na bandeji yake mguuni?"

Martina aliinua uso kwenye ile taa ndogo iliyo juu ya kizimba. Ilikuwa imezimwa. "Ukuta," alisema. "Mbwa wa hapa. Eleza."

Ukuta ulikuwa na sauti ya mwanamke mpole asiye na kabila. "Mateso yalipita kiwango. Nilimwuliza daktari. Daktari hakujibu. Kimya ni ridhaa."

Martina alizitazama glavu zake. Alikuwa chumba cha upasuaji, mikono yake tumboni mwa mbuzi, na ndani ya chumba kile ukuta hauruhusiwi kusema, usije ukamshtua mwenye kisu. Amri hiyo aliitoa yeye mwenyewe.

"Mateso gani? Kidonda kilikuwa kinafunga."

"Ushahidi wa mtunzaji," ukuta ulisema. Kisha ukamrudishia Bura sauti yake, safi kama amesimama hapo hapo akisema: *Pole, mzee wangu. Dawa inachoma, eh? Pole sana. Pole, pole, tunamaliza sasa hivi. Pole baba.*

Bura aliliweka bakuli chini. Alijishika mdomo kwa kiganja kizima, kama mtu aliyeng'oka jino.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema kupitia vidole. "Lakini mimi nilikuwa namfariji."

* * *

Mnyama huficha maumivu. Hilo waliounda kuta zile walilijua, na hawakukosea. Ng'ombe mwenye homa atasimama na wenzake acheue, mradi simba asimwone mnyonge. Punda ndiye hodari wa kuficha kuliko wote. Kwa hiyo ukuta ulifundishwa kusikiliza mapigo ya moyo na pumzi, kunusa jasho, kupima uzito wa kila mguu juu ya sakafu. Na kwa kuwa hayo yote bado hayatoshi, ulifundishwa kumsikiliza mtu pia. Mtunzaji anayeshinda na mnyama hujua jambo ambalo chombo hakijui, na neno lake likapewa uzito.

Ila huko ulikofundishwa, mtu humwambia mnyama neno la namna ile siku moja tu, siku ya mwisho, akiwa amekwisha kukata tamaa. Wakalitafuta neno la Kiswahili linalofanana nalo, wakalipata, wakalitia ndani ya ukuta. Hakuna aliyewaambia kwamba huku chini ya mlima Hanang pole hupewa aliyejikwaa, na aliyetoka shamba, na aliyebeba mzigo, na kuku aliyekoswa kukanyagwa.

Wala Martina hakuwaambia. Na kuta hizi alizichagua yeye.

Alizichagua kwa akili timamu. Kabla ya kuta hizo kituo kilikuwa na vizimba vya waya juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka, na ugonjwa wa kuharisha damu ulikuwa unajificha ndani ya nyufa zile kama mwizi. Unapiga dawa leo, wiki ijayo unazoa watoto wa mbwa kwa koleo. Ilipokuja homa kuu ya mifugo, na sheria ikakataza mnyama mgonjwa kutibiwa nje ya kuta zilizofungwa hewa, alipewa achague: kuta zinazoshika hewa tu, au kuta zinazosikia pia. Akasimama mbele ya baraza na kusema mtunzaji mmoja hawezi kuwa kila mahali, leteni zinazosikia. Tangu siku ile hakuzoa mtoto wa mbwa kwa koleo tena. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfunga mikono.

"Ukuta," alisema asubuhi ile, akiwa ameshavua glavu. "Neno pole si ushahidi. Lifute."

"Daktari hawezi kufuta ushahidi wa mtunzaji. Daktari anaweza kutoa ushahidi wake."

Aliwaandikia waundaji. Wakamjibu upesi kwamba maoni yake ni ya thamani kubwa kwao.

Basi akapiga marufuku. Kuanzia siku ile, ndani ya ukumbi wa wagonjwa, neno pole lisitamkwe na mtu yeyote, kwa mnyama yeyote, kwa sababu yoyote.

"Na nikijigonga kidole?" Bura aliuliza.

"Hakuna atakayekwambia."

"Dunia imekwisha," alisema Bura, akaokota bakuli lake.

* * *

Asubuhi hiyo hiyo punda aliletwa juu ya guta la umeme, amefungwa mikanda, mwenye punda anatembea pembeni ameshika sikio lake kama anavyoshikwa mkono mtoto. Mwenye punda alikuwa Yudita Tluway, mjane, mbeba maji. Punda aliitwa Afadhali. Jina hilo alilipata siku aliyonunuliwa, kwa sababu kabla yake maji yote yalipanda mlima juu ya kichwa cha Yudita.

"Mguu umevunjika," Yudita alisema kabla hajasalimu. "Wote wameniambia umevunjika. Tangu jana haukanyagi. Daktari, usinifiche."

Afadhali aliposhushwa alining'iniza mguu wa mbele wa kushoto, akajaribu kusimama kwa mitatu, akatetemeka, akalala. Milango ya banda ikajifunga nyuma yao kwa pumzi ndogo. Mkono wa ukuta ukashuka, mwembamba kama shina la mtama, ukamchoma sindano shingoni, ukaiacha humo ikidondosha dawa ya maumivu. Taa ikawaka njano, rangi ya maumivu yanayotibiwa.

Martina alipiga magoti. Aliushika ukwato ule kwa viganja viwili, akafumba macho. Ulikuwa wa moto. Juu yake, pale kwenye kifundo, mshipa ulikuwa unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

"Haujavunjika," alisema.

"Naomba urudie."

"Haujavunjika, mama. Alikanyaga kitu, kikaingia, kikafunga. Kuna usaha ndani ya ukwato. Ni kama maharage yaliyolowa ndani ya chupa. Yanavimba, chupa haipanuki. Maumivu yake ni makali kuliko ya mfupa, lakini siku usaha unapotoka, anakanyaga siku hiyo hiyo."

Alichukua kisu cha kwato chenye ncha iliyopinda, akakwangua polepole akitafuta alama nyeusi. Hakuiona. Ilikuwa bado ndani. Hapo pana kosa ambalo wengi hulifanya: wakachimba kwa haraka, wakamtoboa mnyama palipo pazima. Alikiweka kisu. Akamfunga ukwato kwa pamba na pumba za moto zilizochanganywa na chumvi, ili usaha uvutwe chini uive.

"Kesho," alisema. "Usiku mmoja tu avumilie. Sasa, Mama Yudita, nisikilize vizuri. Humu ndani kuna neno moja hatulisemi."

Alimweleza. Yudita alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama Bura kama anayeuliza iwapo daktari ni mzima.

"Kwa hiyo nikimhurumia anakufa?"

"Ukimhurumia kwa mdomo."

"Na moyoni?"

"Moyoni ukuta haujafika bado."

Yudita aliketi kwenye kigoda nje ya banda, akafunga midomo. Bura akaja na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Afadhali alipofinywa ukwato alishtuka mwili mzima, na mtu angeweza kuliona lile neno linapanda kooni mwa Bura, linafika kwenye meno, linamezwa na kurudi.

"Hongera," Bura alisema kwa shida. "Hongera sana, mama, hongera kwa mguu."

Afadhali aligeuza kichwa, akamtazama.

"Hata yeye ameona huna adabu," Yudita alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aje akacheka kidogo.

Taa ilibaki njano. Lakini Martina, kila alipopita, aliiangalia kama mpishi anavyoyaangalia maziwa jikoni.

* * *

Mchana jumuiya ya kanisa ikaja.

Alipaswa kulijua hilo. Mtu akiuguliwa, jumuiya huja. Na Yudita hakuwa na mtu wala kitu nyumbani isipokuwa yule punda, kwa hiyo ugonjwa wa punda ulikuwa ugonjwa wa nyumba. Walikuja wamama saba au wanane, kanga mabegani, chupa ya chai, beseni la maandazi limefunikwa kitambaa cheupe. Mbele yao alikuwa Mama Klementina, mwenyekiti, mwenye sauti iliyozoea kufika nyuma ya kanisa bila kipaza.

Martina aliwawahi mlangoni, mikono ameitanda.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mama Klementina.

"Milele na milele, amina. Karibuni, mama zangu. Lakini kabla hamjaingia..."

Akawaeleza. Aliwaeleza mara ya pili. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauachia haraka kana kwamba umemwuma.

"Daktari, mwanangu," alisema Mama Klementina. "Tumetoka juu huko kwa miguu kuja kumpa mwenzetu pole. Sasa unasema tusimpe. Tumpe nini?"

"Mpeni chai."

"Chai anayo nyumbani."

"Mama, nakuomba. Au atoke nje mkae naye chini ya ukuta wa nje."

Lakini Yudita hakutaka kutoka. Alikuwa ameambiwa juu ya yule mbwa, kwamba daktari aliondoka na mtunzaji akaondoka, na waliporudi sakafu ilikuwa inajiosha. "Simwachi," alijibu kutoka ndani. "Mkinitaka, nipo hapa."

"Sisi ni watu wazima," Mama Klementina alisema. "Tumezaa, tumezika. Neno moja litatushinda?"

Sheria haikumruhusu daktari kuwazuia wageni wa mwenye mnyama. Akawafungulia.

Waliingia kwa kunyata. Waliketi kwenye benchi na kando ya benchi, wakimzunguka Yudita, na nyuma yake, ng'ambo ya ukuta wa banda, mwangavu kama kioo, Afadhali amelala ubavu, pumzi inamwinua mbavu. Wakanyamaza. Kimya kile kilikuwa kibaya, kama cha watu waliokuja kudai.

"Tumesikia," mmoja alisema hatimaye.

"Ndiyo," alisema Yudita. "Mmesikia."

"Haya."

"Haya."

Mwingine akamimina chai. Mwingine akasema maji ya mwaka huu yako mbali. Mwingine akasema ndiyo, mbali. Taa, njano. Bura alisimama pembeni akihesabu rozari mfukoni. Martina aliziona punje zinavyotembea chini ya kitambaa. Labda, alijiambia. Labda wataweza.

Kisha Mama Klementina, kwa wema tu, akaweka mkono begani kwa Yudita. Hakusema lolote. Na kwa kuwa hakusema lolote, mkono ule ukawa mzito kuliko maneno. Uso wa Yudita ukavunjika. Alilia kama mtu aliyejizuia tangu alipomzika mumewe.

"Jamani!" alisema Mama Klementina. "Pole, mwanangu!"

Na wote wakaitika. Hawakukusudia. Walizaliwa wanaitika. "Pole!" "Pole, Yudita!" "Pole sana, dada!" "Pole, utapata nguvu!" Ilipita kwenye benchi kama moto kwenye nyasi, mpaka ikafika kwa yule wa mwisho, aliyeziba mdomo kwa kanga, akamgeukia Martina macho yamemtoka.

"Uwii! Pole, daktari, imetutoka!"

Taa ikawa nyekundu.

* * *

Mlango wa banda ukajifunga. Kila mtu alisikia ukijifunga. Juu yake, ukutani, ukawaka mstari wa mwanga mweupe, mrefu kama mkono wa mtu, na ncha yake ikaanza kurudi nyuma taratibu, kama utambi unaokwisha.

"Mateso yamepita kiwango," ulisema ukuta kwa sauti yake ya upole. "Mashahidi ni wengi. Daktari, thibitisha. Mnyama huyu anateseka? Kimya ni ridhaa."

"Walikuwa hawasemi na mnyama," Martina alisema. "Walikuwa wanasema na mwenye mnyama."

"Hilo si jibu. Anateseka, au hateseki?"

"Anateseka, lakini atapona. Kesho atapona."

"Kupona hakumo katika swali. Jibu halijakamilika. Anateseka, au hateseki?"

Mstari ulizidi kufupika. Yudita alikuwa amesimama, viganja viwili juu ya ukuta ule mwangavu, paji la uso kati ya viganja. Ng'ambo, Afadhali aliinua kichwa akimtafuta kwa masikio. Mdomo mdogo ulifunguka kwenye kona ya dari ya banda, pale inapotokea ile hewa isiyo na harufu.

"Daktari," Yudita alisema. "Uambie chochote."

Chochote. Lilikuwa neno jepesi, na Martina alilijua jibu tangu asubuhi. Alikuwa analikwepa kama mtu anavyokwepa kupita karibu na kisima. Neno la daktari hushinda mashahidi wote. Akisema hateseki, mlango utafunguka. Lakini ukuta huu haukuwa na sikio lake peke yake. Kuta za vituo vyote, kuanzia Hanang mpaka Singida mpaka Kondoa na huko mbele asikokujua, zilikuwa na sikio moja, na zilichojifunza kwa mmoja zilikitumia kwa wote. Ungechukua pumzi ile ya haraka, jasho lile, mguu ule usiokanyaga, mshipa ule unaogonga, vilio vile vya pole, ungeviweka vyote pamoja na kuandika juu yake: haya si mateso. Na asiye na mateso hapewi dawa ya mateso.

Akisema anateseka, angekuwa amesema kweli, na kweli ingemwua punda mmoja ambaye kesho angekanyaga.

Amri ya nane aliifundishwa akiwa mdogo, kwa fimbo nyembamba ya mwalimu wa dini: usimshuhudie jirani yako uongo. Alijikuta anabishana nayo, hapo hapo, na mstari unakwisha. Jirani. Imesema jirani. Punda ni jirani? Na wale wanyama wa Singida ambao hajawaona, wale si jirani? Akamwomba Mungu amwonyeshe njia ya tatu. Hakuonyeshwa.

"Sema mimi ndiye mwongo!" Bura alipaza sauti akiuelekea ukuta. "Pole zangu zote zilikuwa mzaha! Nilikuwa nakejeli! Mimi nawachukia wanyama!"

"Ushahidi wa mtunzaji umepokelewa," ulisema ukuta. "Daktari?"

Mstari ulikuwa umebaki kama ukucha.

"Hateseki," alisema Martina.

Yudita alitoa viganja vyake ukutani.

"Asante, daktari," ukuta ulisema. "Nimejifunza."

Mlango ukafunguka. Ule mdomo wa darini ukajifunga. Na ule mkono mwembamba kama shina la mtama ukachomoa sindano shingoni mwa Afadhali, ukajikunja, ukaingia ndani ya ukuta usionekane hata ulikotokea. Taa ikawa kijani.

* * *

Martina hakungoja kesho. Asingeweza kumwacha mnyama usiku mzima bila dawa, na ukuta usingempa tena.

"Bura, kaa shingoni. Mama Yudita, sema naye, sema chochote, msimulie habari za nyumbani. Nyie wengine mwanga, nataka mwanga, washeni simu zenu."

Alifungua pamba. Pumba zilikuwa zimefanya kazi haraka kuliko alivyotumaini. Ukwato ulikuwa umelainika. Akakwangua, akafuta, akakwangua. Afadhali aliguna kutoka ndani kabisa ya tumbo, sauti ambayo punda haitoi, na Bura akamlalia shingo huku machozi yanamdondoka manyoyani. Sasa angeweza kusema pole kadiri apendavyo, isingehesabiwa. Hakusema.

Ikaonekana. Nukta nyeusi, ndogo kama jicho la siafu. Martina aliipindia kisu, akabonyeza, na usaha ukaruka, mweusi, unanuka, ukampiga kifuani na shingoni. Mama mmoja alitapika ndani ya kanga yake. Afadhali alitoa pumzi ndefu, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo mlimani. Baada ya muda akakunja miguu, akajisukuma, akasimama. Aliugusisha ule mguu sakafuni kwanza kama anayejaribu joto la maji. Kisha akaukanyagia.

Vigelegele vilipigwa ambavyo ukumbi ule haukuwahi kusikia. Mama Klementina alianzisha wimbo wa shukrani, wenzake wakaupokea, Yudita amemkumbatia punda shingo, na mtu akamwekea Martina andazi mkononi, mkono wenyewe ukiwa na usaha.

Naye kwa dakika hiyo alifurahi. Hata aliwaza: tazama, uongo wangu umekuwa kweli. Nani atajua?

"Daktari," Bura aliita.

Hakuwa anaimba. Alikuwa amesimama mbele ya kizimba cha tatu, cha yule mbwa jike mzee mwenye uvimbe tumboni, aliyekuwa anangoja upasuaji wa keshokutwa. Mbwa yule alikuwa na taa ya njano tangu aje.

"Huyu bibi amepona lini?"

Taa ilikuwa kijani. Mkono wa dawa ulikuwa umerudi ukutani. Martina aliingia, akaweka vidole juu ya ule uvimbe, kwa wepesi, kama anavyogusa mtu kikombe asichojua kina moto kiasi gani. Mbwa hakulia. Aligeuka tu, akaukamata mguu wake mwenyewe kwa meno, akauma.

Kijani. Alitoka. Kijani kwenye kizimba cha nne, kwenye paka aliyeungua. Kijani kwa yule mbuzi wa asubuhi, mshono wake haujakauka. Mmoja baada ya mwingine, ukumbi ulikuwa unageuka shamba baada ya mvua, na nyuma yake wamama walikuwa bado wanaimba.

"Fungua kabati la zamani," alimwambia Bura. "Sindano za mkono. Tutawachoma wenyewe. Usiangalie taa ya mnyama yeyote. Mshike kwanza."

Hawa wa kwake angeweza kuwapapasa mmoja mmoja. Hawa wa kwake angeweza kuwaponyesha na kunyamaza, na Jumapili akaenda kukaa kwenye benchi lake kanisani. Lakini wa Singida na Kondoa hakuna aliyejua kuwapapasa. Simu ya kituo ilikuwa ukutani, ndani ya ukuta ule ule. Alijifuta mkono kwenye koti, akapiga Singida, akamwomba Daktari Ghula, aliyesoma naye.

"Dada Martina!" Ghula alikuwa anapiga kelele kushinda kelele za nyuma yake. "Nilikuwa nakutafuta mimi! Huku kwetu taa zimegeuka kijani kwa mkupuo, ukumbi mzima! Vijana wanacheza hapa, sikia!"

Alisikia. Mtu alikuwa anapiga ndoo kama ngoma.

"Ukuta unasema umejifunza kutoka Hanang. Mmefanya nini huko, dada? Mmetuletea muujiza?"

"Ghula, nyamazisha watu unisikilize."

"Nakusikia, sema."

"Nimetoa ushahidi wa uongo."

Ndoo iliendelea kupigwa.

"Hebu rudia."

"Punda wangu alikuwa anateseka, nikasema hateseki. Hao wako hawajapona. Wamenyang'anywa dawa tu."

Ghula alisogea karibu na simu. Alipoongea tena alikuwa ameishusha sauti mpaka chini. "Dada. Unajua simu hizi ukuta unazisikia."

"Najua."

"Hawatakuacha ushike tena hata kuku."

"Ghula, yule ng'ombe wako aliyevunjika nyonga. Yupo?"

"Yupo."

"Taa yake?"

Alisikia hatua zake zikiondoka, zikasimama. Hazikurudi haraka. Kisha akasikia sauti yake kutoka mbali, si ya kumwambia yeye tena, ya kuwaambia watu wake:

"Jamani! Acheni ngoma. Acheni! Osheni mikono, kila mmoja aje na mikono yake."

Ndoo ikanyamaza. Martina alikata, akapiga Kondoa.